League ya Alan Moore: inaicheka himaya ama inaiuza upya?

Kuna ubishi mmoja kuhusu League of Extraordinary Gentlemen hauishi. Komiki hii ya mwandishi Alan Moore na mchoraji Kevin O'Neill ilianza kutoka 1999, na wanaoipenda wanasema imeivua nguo himaya ya Kiingereza mchana kweupe, wengine wanasema acheni hizo, ni himaya ileile imepigwa rangi mpya inauzwa kwa watu wanaojiona wajanja. Mi naona kila upande una kipande cha ukweli ila vipande vyenyewe havilingani.

Kwa ambaye hajaisoma, mwaka ni 1898, kuna afisa mmoja mnene wa ujasusi anaitwa Campion Bond anampa Mina Murray, yule mwanamke aliyeponea kwa Dracula, mnyonya damu wa riwaya, na sasa ndoa imevunjika, kazi ya kukusanya watu ambao serikali inaweza kuwatumia kisha ikawakana. Kundi lina Allan Quatermain, yule mwindaji Mzungu wa Afrika wa riwaya za Rider Haggard, Kapteni Nemo wa Jules Verne na nyambizi yake, Dakta Jekyll na jitu analogeuka kuwa, Hyde, na Hawley Griffin ambaye ndio mtu asiyeonekana wa H.G. Wells. Wanatakiwa wairudishe kavoraiti, kitu cha kupaisha vyombo angani (nayo imetoka kwa Wells), ambayo imeibwa na bosi wa Kichina wa Limehouse, mtaa wa bandarini London.

Wanaoitetea wanaanzia kwa wahusika wenyewe, na hapo wana hoja kweli. Vitabu vya zamani viliwaleta hawa kama majabali ama kama vituko, Moore anawaleta wamechakaa, mmoja teja, mmoja muuaji, mmoja mbakaji, halafu ndio hao taifa linawategemea. Na mwisho wa juzuu ya kwanza inajulikana kwamba bosi wao wa juu kabisa, M, ni Profesa Moriarty, yule adui wa Sherlock Holmes, ambaye kumbe alitengenezwa na idara ya ujasusi yenyewe akae juu ya wahalifu, na kavoraiti alikua anaitaka aipige mabomu Limehouse kutoka juu, hasimu wake, yule bosi wa Kichina, afe na maskini wa mtaa ule wafe nae. Yaani serikali na jambazi wanachukua mshahara dirisha moja.

Halafu Nemo. Verne mwenyewe alishasema kwenye The Mysterious Island kwamba Nemo ni Mhindi, Prince Dakkar, aliyepigana kwenye maasi ya 1857 dhidi ya Waingereza akapoteza familia yake, lakini sinema zikaja zikamfanya Mzungu, ile ya Disney ya 1954 alicheza James Mason. O'Neill akamrudishia kilemba na ndevu, Kalasinga kamili, na mabaharia wake Wahindi, na jamaa hafichi kwamba Waingereza hawapendi, yupo pale kwa sababu maisha ya kukaa tu yamemchosha. Juzuu ya pili viumbe wa Mars wakivamia London serikali inafyatua vijidudu vya maradhi vilivyotengenezwa na Dakta Moreau, mwanasayansi mwingine wa riwaya za Wells, huku ikijua raia watakufa nao, na maelezo rasmi yameshaandaliwa, viumbe wamekufa na mafua, watu wameuliwa na viumbe. Nemo anakasirika anachukua nyambizi yake anaondoka. Hakuna mwingine kwenye kundi anayefanya hivyo, na sidhani kama ni bahati mbaya kwamba aliyefanya ndio yule aliyetoka kwenye koloni.

Sasa Quatermain, na huyu si mgeni kwetu. Frederick Johnson, Mwingereza aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya 1930, alitafsiri riwaya ya Haggard, King Solomon's Mines, ikawa Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929, na wazee wetu wengi waliosoma shule wanamjua Quatermain kwa Kiswahili kabla hawajamjua kwa Kiingereza. Haggard hakua mtunzi wa kukaa mezani akabuni Afrika, alifika Natal, Afrika Kusini, 1875 akiwa kijana wa miaka 19, na Waingereza walipoichukua Transvaal 1877 alikuwepo Pretoria na alisaidia kupandisha bendera. Kitabu chake cha 1887, kinachoitwa Allan Quatermain tu, kinaanzia Lamu kwetu hapa, wanakodi watu, wanapanda na mto Tana, wanapigana na Wamaasai kwenye nyumba ya mmisionari, wanaupita Mlima Kenya, na mbele huko wanakuta nini? Ufalme wa watu weupe katikati ya Afrika. Mana kwa Haggard kitu kizuri kikionekana bara hili lazima kiwe na mwenyewe mweupe.

Moore anajua haya yote, ndio mana Quatermain wake tunamkuta Cairo kalala kwenye pango la afyuni, mzee amekwisha. Adhabu nzuri. Lakini kuna kitu kinanikera na sijaona kikisemwa sana: kwenye kile kitabu cha 1887 Quatermain anakufa mwishoni, Moore ikabidi aseme kile kifo kilikua cha uongo ili aweze kumtumia. Sawa. Kwenye kitabu hichohicho anakufa pia Umslopogaas, yule Mzulu wa shoka, tena anakufa peke yake akizuia ngazi dhidi ya kundi la watu, kifo cha kishujaa kuliko cha bwana wake. Moore amemfufua mmoja. Nafasi kwenye nyambizi ilikuwepo, na kwenye orodha ya watu wenye sababu ya kuichukia himaya asingekosa. Kwa hiyo Afrika ndani ya League imebaki sifa kwenye wasifu wa Mzungu, vilevile alivyoiacha Haggard.

Na upande wa pili ndio unaanzia hapo. Kurasa za mwanzo kabisa Mina anaingia Cairo na Waarabu wa kwanza wanaoonekana wanataka kumbaka, Quatermain anaamka kwenye ulevi wake anaua. Maneno yao yameandikwa kwa herufi za Kiarabu bila tafsiri, aliyepita madrasa anaweza kuyasoma kwa sauti na bado asijue wamesema nini. Limehouse nako Mchina ni mkatili asie na jina, anaitwa Daktari tu, ingawa hilo la jina ni ishu ya hakimiliki, kila mtu anajua ni Fu Manchu, yule jambazi wa Kichina wa riwaya za Sax Rohmer.

Watetezi watakwambia hujaelewa utani. Komiki inaiga magazeti ya vijana ya enzi zile, hadi kuna sauti ya mhariri wa kujifanya anayewasifia Waingereza mpaka unacheka, kwa hiyo Mwarabu mbakaji ni kejeli kwa wale waliokua wanawachora Waarabu hivyo. Nakubali nusu. Kwa Nemo kejeli inafanya kazi kwa sababu Nemo ana mdomo, anajibu, anakataa, anaondoka. Wale wa Cairo wanafanya kilekile ambacho magazeti ya zamani yalitaka wafanye, wanauliwa, hadithi inasonga. Msomaji aliyekuja na chuki zake anatoka nazo salama.

Tena kuna la Griffin. Wanapomkamata yuko kwenye shule ya wasichana, wanafunzi wanapata mimba wanadhani ni roho mtakatifu, na ukurasa umechorwa uchekeshe. Juzuu ya pili huyohuyo anamshambulia Mina, na hapo ghafla ni jambo zito, Hyde anamlipizia kwa unyama usioelezeka. Mkosaji mmoja, kwa wanafunzi ni kichekesho kwa Mina ni msiba. Sioni kejeli gani inalibeba hilo.

Ukilinganisha na filamu ya 2003 iliyotokana nayo lakini, komiki inaonekana ya busara. Pale Sean Connery ndio kiongozi, Mina kashushwa cheo kapewa meno ya Dracula, Quatermain anaishi Kenya ya 1899, mwaka ambao reli ndio kwanza inafika Nairobi, na mwisho anazikwa hukohuko mganga anafanya mizungu kaburini radi ipige, kwa sababu eti Afrika haiwezi kumwacha afe. Haggard angepiga makofi. Moore aliikana filamu hiyo.

Juzuu mbili za kwanza nazisimamia pamoja na madoa yake, hasira ya Nemo inalipia mengi. Kuanzia Black Dossier ya 2007 siwezi tena, Moore analeta Galley-Wag, ametokana na yule mdoli mweusi Golliwogg wa vitabu vya Florence Upton, midomo ileile, macho yaleyale, na utetezi wake ni kwamba mdoli wa mwanzo wa 1895 alikua na heshima zake kabla watu hawajamgeuza tusi. Inawezekana. Ila maktaba nzima ya dunia ilikua mbele yake, Umslopogaas na shoka lake akiwemo, akanyoosha mkono akachukua mdoli.