Kurekodi historia za jamii asilia ni jambo moja, kuzitangaza ni jingine

Karibu kila kazi ya kuhifadhi historia za jamii asilia huingia kwenye mvutano uleule. Wazee wamesimulia, sauti zimerekodiwa, kisha wanajitokeza wanaotaka kila kitu kiwekwe mtandaoni kisije kikapotea, na wanaoshikilia kwamba kilichosimuliwa ndani ya ukoo kibaki ndani ya ukoo. Mimi nauegemea zaidi upande wa pili, ingawa hoja za upande wa kwanza ni nzito kuliko wengi wetu tunavyokubali.

Historia isiyojulikana nje haimtetei mwenyewe anaponyang'anywa ardhi. Wagitxsan na Wawet'suwet'en wa British Columbia, Kanada, walipokwenda mahakamani miaka ya 1980 kudai ardhi yao, hawakuwa na hatimiliki. Walichokuwa nacho ni masimulizi na nyimbo za koo, na si kila mtu ana ruhusa ya kuzitamka. Bibi mmoja alipotaka kuimba wimbo wa ukoo wake kama ushahidi, jaji alipinga, akasema hana sikio la muziki na kuimbiwa hakutamsaidia. Bibi aliimba. Mwaka 1991 jaji huyo aliwanyima ushindi, na masimulizi yao hakuyapa uzito. Ilikuwa hadi 1997 ndipo Mahakama ya Juu ya Kanada ilipoamuru kesi isikilizwe upya na masimulizi ya mdomo yapewe hadhi sawa na nyaraka. Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, nao walishinda katika Mahakama ya Afrika, Arusha, tarehe 26 Mei 2017, baada ya kueleza hadharani wao ni nani na wameishije na msitu huo. Wangenyamaza, wangeshinda kwa lipi?

Hata hivyo, kujulikana kuna gharama yake, na anayelipa ni mwenye mali. Wamijikenda wa pwani ya Kenya huwasimamishia baadhi ya marehemu wao vigango, nguzo za mbao zilizochongwa, ambazo haziondolewi hata zikioza. Wanunuzi wa sanaa walipozipenda, wezi wakaanza kuzing'oa, na nyingi ziliishia kwenye makumbusho ya Marekani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango viwili alivyowasimamishia nduguze. Muda si mrefu vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikiona kimoja kwenye picha iliyooneshwa mkutanoni Marekani, akakitambua. Ile picha yake ya zamani ikawa ushahidi wa kuvidai, na vyote viwili vikarudi Kenya.

Kisa hiki hakiwapi ushindi kamili wapenda uwazi wala wapenda usiri. Bila picha, familia isingekuwa na cha kuonesha. Lakini picha hiyohiyo, ikitundikwa hadharani pamoja na jina la kijiji, ingemwelekeza mwizi mpaka viliposimama vigango. Kurekodi na kutangaza ni maamuzi mawili, na makosa mengi hutokea pale mtafiti anapoomba ruhusa ya la kwanza akajihesabu amepewa na la pili.

Wapassamaquoddy wa Maine, Marekani, wanaonesha njia nyingine. Machi 1890 Jesse Walter Fewkes alirekodi nyimbo na masimulizi yao kwenye mitungi ya nta, chombo cha kurekodia sauti cha enzi hizo, na kwa miongo mingi rekodi hizo zilikaa mikononi mwa wengine. Siku hizi wazee wao wamezisikiliza upya, wakaeleza kilichomo, na zile walizoridhia zimewekwa kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani zikiwa na lebo za jamii yenyewe. Lebo mojawapo inasema kitu hiki hakiuzwi. Mgeni anasikiliza na kujifunza, huku akijua yuko kwa nani.

Swali gumu linabaki: jamii ni nani? Mara nyingi anayeulizwa ni mwanamume mzee mwenye cheo, naye anaweza kuzuia simulizi kwa sababu tu inaugusa ukoo wake vibaya, au kwa kuwa ni la wanawake na hakuliona kuwa historia. Vijana waliozaliwa mbali na kwao hukuta mlango umefungwa na lugha hawaijui. Hapo naungana kabisa na wanaodai uwazi: usiri unaoamuliwa na watu watatu unaweza kuiua historia kama moto unavyoua nyaraka.

Kwa hiyo ningeomba wanaorekodi wafanye hivi. Kila rekodi iandikwe jina la msimulizi, kama ameridhia litajwe, na masharti aliyoyatoa kwa maneno yake: nani asikie, lini, kwa kazi gani. Nakala ya kwanza ibaki kwa jamii, kwenye kifaa ambacho watu wake wanaweza kukifungua bila kumwomba mtafiti. Na masharti yapitiwe upya wanawake na vijana wakiwepo, maana aliyekataa jana anaweza kuridhia kesho, na aliyeridhia ana haki ya kubadili nia.