Mwiko Uliolinda Maboma ya Ayalandi

Mwaka 2017 Danny Healy-Rae, mbunge kutoka kaunti ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ayalandi, alidai kwamba barabara ya N22 kati ya Killarney na Cork ilikuwa ikibonyea tena hata baada ya kukarabatiwa, kwa sababu eneo lile lina maboma ya kale ambayo wenyeji huyahusisha na viumbe wasioonekana. Kauli hiyo ilichekwa ndani na nje ya nchi. Wahandisi walisema lami hubonyea kutokana na hali ya udongo ulio chini yake, na katika hilo siwapingi. Linalonisikitisha ni kwamba kicheko kile kilifunga mjadala kabla haujafunguliwa, maana tuliachwa bila kuuliza imani hiyo imefanya kazi gani katika ardhi ya Ayalandi kwa karne nyingi.

Watu wa vijijini hawakupenda kuwataja viumbe hao kwa jina lao halisi. Waliwaita “watu wema”, na jina hilo lilikuwa adabu ya kujikinga zaidi kuliko sifa. Kiswahili nacho hakina neno linalowatosha. Majini wana mahali pao katika mafundisho ya Uislamu, na mizimu ni wafu wa ukoo, ilhali hawa wanasimuliwa kuwa jamii nzima yenye wafalme, ng’ombe, harusi na vita, inayoishi ndani ya vilima, jirani kabisa na binadamu. Kwa makazi yao, hata hivyo, tunalo neno zuri sana. Wenyeji huyaita ráth au lios, sisi tungesema boma, na wanaakiolojia wanathibitisha kuwa ndivyo yalivyokuwa: mengi yalijengwa kati ya karne ya 6 na ya 10, pale familia ya wakulima ilipozungushia nyumba yake tuta la udongo na handaki kwa ajili ya usalama wake na wa mifugo. Wenyewe waliondoka, nyumba zikaoza, likabaki duara la majani lenye upana wa mita 30 hivi na miti ya miiba juu ya tuta. Vizazi vilivyofuata vilipokuta duara hilo vilisema lina wenyewe.

Maboma yaliyotambuliwa katika kisiwa kizima, yakiwamo yaliyobaki alama tu, ni takriban 45,000. Idadi hiyo hainitoki akilini. Kisiwa chenyewe kina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 84,000, kwa hiyo ni karibu boma moja kwa kila kilomita mbili za mraba. Sensa ya 1841, miaka michache kabla ya njaa kuu, ilihesabu watu zaidi ya milioni nane, wengi wao wapangaji waliolipia kodi vipande vidogo vya shamba na kuishi kwa viazi. Watu wenye njaa ya ardhi kiasi hicho wangetarajiwa kuchimba kila pembe iliyoweza kuotesha kiazi, na kukata kila mti ulioweza kuwaka jikoni katika baridi ya Januari. Pamoja na hayo, walizunguka maelfu ya maboma kwa majembe yao na kuyaacha yalivyo.

Anayetilia shaka atasema kwamba tuta la udongo na mawe ni kazi nzito kulibomoa kwa sepetu, hivyo uvivu au hesabu ya faida inatosha kueleza kila kitu. Hoja hiyo ina uzito wake, hasa kwa maboma yaliyojengwa kwa mawe matupu. Lakini wajenzi wa awali walikuwa wakulima na walichagua udongo mzuri. Aidha, kulima ndani ya duara hakuhitaji kubomoa tuta, na kukata mti wa miiba ni kazi ya asubuhi moja tu. Tena tunao ushahidi wa kilichotokea baadaye. Sheria ya kulinda kumbukumbu za kale ilikuwapo tangu 1930, na bado tingatinga zilipoingia mashambani katika nusu ya pili ya karne ya 20, mengi yalisawazishwa. Mashine ilipunguza gharama, ni kweli, lakini pia ilifika wakati hofu ya wazee ilikuwa imepoa kwa vijana wao, na karatasi ya serikali peke yake haikuweza kujaza nafasi hiyo.

Hofu yenyewe tunaijua kwa undani kwa sababu ilirekodiwa. Kati ya 1937 na 1939 wanafunzi wapatao 50,000 wa shule za msingi walitumwa kuwauliza wazee wa nyumbani kwao na kuandika walichosikia. Kisa kinachojirudia ni cha mtu aliyekata mti wa boma au kuchukua mawe yake, kisha ng’ombe wake akafa au mkono ulioshika shoka ukavimba. Hapo adhabu haimsubiri hakimu wala mkaguzi, na haibagui kati ya mwenye shamba na kibarua wake.

Kuna jambo jingine ambalo wanaocheka hawalitaji. Kanisa halikuruhusu watoto waliokufa kabla ya kubatizwa kuzikwa katika makaburi yaliyowekwa wakfu, na hadi katikati ya karne iliyopita familia nyingi ziliwazika pembezoni, mara nyingi ndani ya maboma hayo. Mahali hapo huitwa cillín. Ukiingia unakuta mawe madogo yasiyochongwa, yasiyo na jina wala tarehe, yamepangwa kwenye nyasi. Mzazi aliyenyimwa ardhi takatifu ya kanisa alimpeleka mwanawe kwenye ardhi ambayo alijua hakuna jirani atakayethubutu kuilima. Mtu anayeuita mwiko huo ujinga mtupu sharti aeleze mzazi yule angeaminishwa na nini kingine kwamba kaburi lile halitafukuliwa.

Upande wa pili una damu, na sitaupitia juu juu. Imani hiyo hiyo ilisema watu wema huiba binadamu na kuacha mfano wake kitandani, mgonjwa na asiyetambulika. Mwaka 1826 mahakama ya Tralee ilisikiliza kesi ya Michael Leahy, mtoto asiyeweza kusimama wala kusema, aliyezamishwa katika mto Flesk ili kilichomwingia kitoke. Machi 1895, huko Ballyvadlea katika kaunti ya Tipperary, Bridget Cleary, mshonaji wa nguo, aliugua. Mumewe akashikilia kwamba aliyelala pale si mke wake. Ndugu na majirani walimshika alazimishwe kunywa dawa za mitishamba, na hatimaye mumewe akamchoma moto. Baada ya hapo mwanamume huyo alikwenda usiku kwenye boma la Kylenagranagh kumsubiri mkewe wa kweli atoke amepanda farasi mweupe. Alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa kuua bila kukusudia.

Boma limo ndani ya kisa hicho, kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba imani ya mahali na imani ya kubadilishiwa watu ni vitu viwili visivyojuana. Zilitoka mdomo mmoja. Hata hivyo, kazi zake zilikuwa tofauti: mwiko wa boma ulimwambia mwenye shoka aache, ilhali imani ya kubadilishiwa ilimwambia mwenye nguvu nyumbani atende. Hiyo ya pili inastahili kulaaniwa na kuzikwa. Kuitupa ya kwanza pamoja nayo ni kuihukumu kwa kosa ambalo haikulitenda.

Msimulizi Eddie Lenihan alilielewa hilo mwaka 1999, barabara mpya katika kaunti ya Clare ilipopangiwa kupita juu ya mti wa miiba huko Latoon. Aliandika gazetini kwamba mti ule ni mahali ambapo watu wema wa Munster, jimbo la kusini, hukusanyika wanapokwenda kupigana na wenzao wa Connacht, jimbo la magharibi, na akaonya juu ya ajali. Wahandisi walirekebisha mpango, mti ukazungushiwa uzio. Mwaka 2002 mtu alikuja na msumeno na kukata matawi yake. Shina lilichipua, lakini uzio haukumzuia mtu yule, kama vile sheria ya 1930 haikuzizuia tingatinga. Kwa sababu hiyo naamini kwamba afisa anayempelekea mkulima barua ya zuio leo angefanya vyema kwanza kuketi na mkubwa wa nyumba ile, amuulize boma lile wazee walilisimulia vipi, na majibu yake yaandikwe katika faili moja na vipimo vya tuta.