Kompyuta ikikuingiza halafu ikakutoa hapo hapo, usikubali kupigiwa windo haraka

Jamani hili naomba niliseme maana limenikaa rohoni wiki nzima. Hapa Mwanza ukimpelekea fundi kompyuta yenye tatizo lolote, iwe haitoi sauti, iwe imejaa virusi, iwe imegoma kufunguka, jibu ni lile lile, "hii tuipige windo", yaani wafute kila kitu waweke Windows upya. Na watu wanakubali, watafanyaje na hawajui, wanatoa hela yao wanarudishiwa mashine nyeupeee, picha za msiba wa baba hazipo, hesabu za duka hazipo, barua za kiwanja hazipo. Mimi napinga kabisa, na napinga zaidi kwa hili tatizo la kuingia na kutolewa kwa sababu dawa yake haichukui hata nusu saa.

Wiki iliyopita kaja mama mmoja anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, mzigo wake unatoka visiwani huko Ukerewe na Kome. Kaleta kompyuta ya mezani ya zamani kweli, bado ina Windows XP, kibodi ukiigeuza unadondoka unga wa dagaa. Humo ndimo anaandika nani kachukua magunia mangapi na nani hajalipa. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba, akakaa, akasema, "Mwanangu, hii kitu inanifungulia mlango halafu inanisukuma nje."

Nikaiwasha. Unabonyeza jina lake, skrini inasema inapakia mipangilio, picha ya nyuma inatokea kidogo tu kama kufumba na kufumbua, halafu inasema inahifadhi mipangilio na umerudi pale pale kwenye majina. Ukirudia, hivyo hivyo. Nikajaribu sefu modi, ile ya kuwasha Windows na vitu vya lazima tu, hivyo hivyo. Nikamuuliza mama, kabla ya hapo mlifanya nini? Akasema kijana wake alichomeka flashi ya rafiki yake, antivairasi ikaanza kupiga kelele, kijana akabonyeza futa vyote, ikafuta, wakafurahi, jioni wakazima. Asubuhi ndio ikawa hivyo. Fundi wa kwanza alishamwambia ni windo tu, na mama alipouliza kuhusu faili zake akaambiwa "hizo mama sahau". Hapo ndipo damu ilinichemka, maana faili zilikuwepo zote, hakuna hata moja iliyoguswa.

Sasa ngoja nieleze kinachotokea maana ukikielewa hakuna wa kukudanganya tena. Ukibonyeza jina lako na paswedi ikakubaliwa, Windows haikupeleki deskitopu moja kwa moja. Kuna programu inaitwa Winlogon, hiyo inaenda kwanza kusoma kwenye rejistri, yaani daftari la mipangilio ya Windows, mahali panapoitwa Userinit, pameandikwa imwite nani. Kawaida pameandikwa userinit.exe, faili linalokaa ndani ya folda ya system32, na huyo ndiye anayekuandalia mambo yako halafu anaiita explorer.exe, ndio unaona ikoni zako na kitufe cha Start. Wanaotengeneza virusi wanalijua hilo vizuri sana. Kirusi kinaingia, kinafuta jina la userinit pale na kuandika jina lake chenyewe, ili kila mtu akiingia kinaamka kwanza, kikimaliza mambo yake ndio kinamwita userinit wa kweli, na wewe huoni tofauti yoyote. Antivairasi inakuja inakifuta kirusi, sawa, lakini jina lake inaliacha pale pale kwenye rejistri. Kesho yake Winlogon anamwita mtu ambaye hayupo. Haitiki mtu, basi anakutoa. Paswedi yako haina kosa, diski haijafa, akaunti haijaharibika, ni mstari mmoja tu umeandikwa vibaya. (Kuna wakati ni userinit.exe mwenyewe ndiye kafutwa kwa sababu kirusi kilijishika humo, hapo unalirudisha faili kutoka kwenye CD ya Windows ile ile.)

Mimi jambo la kwanza ninalofanya sio kutengeneza, ni kuokoa faili. Unaweka DVD ya kuinstolia Windows, mimi nilitumia ya Windows 7, mashine inawakia humo, ukifika ukurasa wa kwanza usiendelee na chochote, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja unapata lile dirisha jeusi la kuandika amri. Andika notepad. Ikifunguka nenda File, Open, chagua ionyeshe faili za aina zote, na hapo utaiona diski nzima, unaenda kwenye folda ya mteja, unakopi, unapesti kwenye flashi uliyoichomeka mapema. Mama alikuwa kakaa pembeni yangu, alipoona jina la faili lake la madeni kwenye ile orodha akashika kifua.

Faili zikishakuwa salama, kwenye lile lile dirisha jeusi unaandika regedit. Hapa watu wengi wanakosea, rejistri unayoiona ni ya ile DVD, sio ya mashine ya mteja. Lazima ubonyeze HKEY_LOCAL_MACHINE, uende File, Load Hive, ukalichukue faili linaloitwa software ndani ya Windows\system32\config kwenye diski ya mteja, na uangalie herufi ya diski maana ukiwa humo C inaweza kugeuka D. Itakuuliza jina, weka lolote, mimi niliandika mama. Ukifungua mama, kisha Microsoft, Windows NT, CurrentVersion, Winlogon, unakuta Userinit. Kweli nikakuta pameandikwa jina la ajabu ajabu ambalo hata faili lake halipo. Nikafuta nikaandika C:\Windows\system32\userinit.exe, na alama yake ya mkato (,) mwishoni, huo mkato uweke. Hapo hapo nikaangalia na mstari wa Shell, unaosema nani akufungulie deskitopu, kama bado ni explorer.exe, ilikuwa sawa. Unaifunga kwa Unload Hive, unatoa DVD, unawasha.

Ikaingia.

Sikumruhusu aondoke nayo siku hiyo, mashine iliyowahi kushikwa huwezi kuiamini kwa sababu tu imefunguka, nikaikagua upya usiku kucha na nikamwambia wazi kwamba XP Microsoft waliacha kuitunza tangu tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo lile faili la madeni likae sehemu mbili na hii mashine isichomekwe flashi za watu. Na kama siku nyingine itabidi kweli kupiga windo, sawa, ipo siku inabidi, lakini fundi akuonyeshe kwanza faili zako ziko kwenye flashi ndio aanze.

Mama wala hakungoja nimalize hayo maneno. Kalifungua faili, kidole kwenye skrini kinashuka jina kwa jina, kikasimama kwa mtu wa Kome anayedaiwa magunia 14. Akasema, "Mwanangu, nitolee kopi ya ukurasa huu kwanza, boti yake inaingia kesho asubuhi."