Mtoto mwenye tundu la moyo: ashuke mlimani au abaki?

La Paz, Bolivia, iko mita 3,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na El Alto iliyopakana nayo imepita 4,000. Mtoto anayezaliwa huko, kila pumzi yake ina takriban theluthi mbili tu ya oksijeni anayoipata mwenzake wa Dar es Salaam.

Kila mtoto huzaliwa na mrija unaounganisha mshipa mkuu wa mwili na ule wa mapafu, maana tumboni mapafu hayakuwa na kazi. Oksijeni ya pumzi za mwanzo ndiyo huuamuru ujifunge, kwa kawaida ndani ya siku mbili tatu. Mlimani amri hiyo ni dhaifu, na mrija hubaki wazi mara nyingi zaidi. Madaktari wa Peru waliliona jambo hili zamani, kwa watoto wa sehemu kama Cerro de Pasco, zaidi ya mita 4,300.

Ushauri wa haraka ni kwamba mtoto ashushwe. Una msingi. Oksijeni ikipungua, mishipa ya mapafu hujibana na shinikizo hupanda. Mtoto akiwa na tundu kubwa la moyo, miaka ikipita kuta za mishipa hiyo huwa nene, na ikifika hatua fulani hata kuliziba hakusaidii tena. Aliyezaliwa na chemba moja tu ya kusukuma damu, akafanyiwa upasuaji wa Fontan, kwake sibishani: damu yake huingia mapafuni bila pampu, kwa hiyo mishipa iliyojibana humzibia njia.

Ila tundu kubwa kati ya chemba za chini lina ujanja wake. Kule kujibana kwa mishipa huzuia damu isifurike mapafuni. Mtoto hahemi, ananyonya vizuri, majirani wanamsifu. Ukimteremsha pwani, mishipa inalegea, damu inafurika, na baada ya muda anaweza kuanza kuhema na kutoka jasho akinyonya. Familia itasema joto la pwani limemletea maradhi, kumbe alikuwa nayo siku zote. Mimi huyu aliyetulia mlimani ndiye ananitia hofu kuliko anayehema, kwa sababu anayehema hupelekwa hospitali.

Tena kuhama kunataka shamba jingine, kazi nyingine, shule nyingine. Nani analipa?

Ndiyo maana napenda njia ya daktari Franz Freudenthal wa La Paz. Alibuni kizibo cha ule mrija unaobaki wazi, kinachofumwa kwa uzi mwembamba wa nitinoli (mchanganyiko wa nikeli na titani), na wafumaji ni wanawake wenyeji wa Kiaymara, ambao ufumaji ni jadi yao. Kizibo hupitishwa ndani ya mishipa ya damu hadi kwenye moyo, bila kupasua kifua. Mtoto anatibiwa na anabaki kwao. Haifai kwa kila tundu, wala haimtibu ambaye mishipa yake imeshakakamaa.

Kwetu miji haifikii urefu huo, ingawa Njombe na Eldoret ziko kwenye mita 2,000 hivi. Mtoto wa Njombe anayepelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hupimwa kando ya bahari, kisha anarudi kwenye hewa nyepesi. Shinikizo la mapafu lililosomwa Dar si lazima liwe lilelile nyumbani, na ningependa kipimo cha pili kifanyike hukohuko juu, mwezi mmoja baadaye.