Geti la Jinja si mfereji wa nyumbani

Kila maji yakipanda hapa Kisumu lazima utasikia mtu kwa matatu akisema Uganda wafungue hilo geti bana, na yakishuka ni huyo huyo atakwambia Uganda wanatumaliza, wanakausha ziwa ndio wapate stima. Hata mimi nilisema hivyo 2020, wakati pale Dunga, ufuo wetu wa wavuvi, maji yalikuwa yamefika pale tulikuwa tunapaki pikipiki, kwa hivyo sicheki mtu. Lakini juzi nikakaa chini nikapiga hesabu kidogo na nikajikuta nimebaki na maswali mengi kuliko matusi.

Kwanza hilo geti lenyewe. Nam Lolwe, ama Ziwa Victoria ukitaka, lina mlango mmoja tu wa kutoa maji, pale Jinja, Uganda, Nile inapoanzia. Zamani ilikuwa maporomoko ya Ripon, mwamba ndio ulikuwa unaamua, ziwa likijaa yanapita mengi, likipungua yanapita machache, hakuna wa kubishana na jiwe. 1954 Waingereza wakamaliza bwawa la Owen Falls, siku hizi linaitwa Nalubaale, na kazi ya mwamba ikaachiwa mtu na mashine. Misri kwa vile maisha yao yote ni Nile hawakukubali hivi hivi, wakakubaliana na Waingereza kwamba geti litatoa kile kile ambacho mwamba ungetoa, kuna mchoro kabisa, ziwa likiwa futi kadhaa toa kiasi fulani, na wakaweka injinia wao pale Jinja wa kuchungulia. Ukiangalia waliokaa kwa hiyo meza utaona London na Cairo. Mtu wa huku kwetu kando ya ziwa, wa Usenge ama Kano, nani angemuita?

Sasa wenye kulaumu Uganda wana kesi, wasidharauliwe. Karibu na 2000 Uganda waliongeza bwawa la pili pale pale, Kiira, na miaka ya 2004 hadi 2006 kukiwa na kiangazi wakaachilia maji kuliko ule mchoro unavyosema, juu mitambo inataka maji na watu wanataka stima. Ziwa likashuka mpaka kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka kama 80. Waliochunguza wakasema takriban nusu ya kushuka huko ilikuwa kiangazi na nusu ni geti. Huku kwetu boti zilikuwa zinakwama kwa matope, unavua viatu unasukuma, na ile sehemu ya matete ambapo ngege, yaani tilapia, wanazalia ikawa nchi kavu, ng'ombe wanalisha.

Halafu ikaja upande wa pili. Mvua ya mwisho wa 2019 haikukata, na Mei 2020 kipimo cha Jinja kikafika mita 13.42, kikapita sentimita moja ile rekodi ya 1964 ya mita 13.41, ile mvua wazee wanaiita ya Uhuru. Kitu niliona kwa macho yangu na sijasahau ni akina mama wa omena, wale dagaa wetu. Omena inaanikwa chini, unatandika neti kwa mchanga, jua linafanya kazi. Sasa mchanga wote umemezwa, mama amebeba beseni la omena mbichi kichwani anatafuta mahali pa kumwaga, akaishia kuianika kando ya lami, gari zikipita vumbi lote linakaa hapo. Bei ya omena yenye vumbi unaijua. Huyo ukimwambia habari ya mchoro wa makubaliano ya Misri atakuangalia tu.

Haya, si Uganda wangefungua basi? Walifungua. 2020 walifika kuachilia kama mita za ujazo 2,400 kila sekunde, na hapa ndio hesabu yangu iliniumbua. Hiyo kwa siku ni kama mita za ujazo milioni 207, unasikia kichwa kinazunguka, lakini ziwa ni kilomita za mraba karibu 68,800, ukigawa unapata milimita 3. Tatu! Na kumbuka hata siku ya kawaida kuna maji yanatoka, tuseme 1,000 kwa sekunde, kwa hivyo kile geti limeongeza ni chini ya milimita 2 kwa siku, sentimita 5 na kitu kwa mwezi. Ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita moja tangu Oktoba. Kushusha mita moja kwa hiyo nyongeza peke yake ni mwaka mmoja na miezi saba hivi, na hiyo ni kama mvua itakuheshimu ikae kando. Sehemu kubwa ya maji ya hili ziwa, kama asilimia 80, inaingia kama mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe na karibu kiasi hicho hicho kinaondoka na jua. Geti linasukuma kile kipande kidogo kinachobaki. Kwa hivyo kufungua kwa nguvu kwa miaka miwili mitatu, kama ile 2004, inaonekana, lakini kufungua kwa sababu leo Dunga imefurika ni kumwaga bahari na kikombe.

Na hayo maji hayapotei hewani, yanaenda kwa mtu. Yanapita ziwa Kyoga, yanapita ziwa Albert, yanashuka Sudan Kusini, kule Bor na kwingineko ambako nchi ni bapa kama meza na watu wamekaa ndani ya mafuriko miaka mfululizo. Sisi tukipungukiwa sentimita tano kule inaweza kuwa kijiji kizima. Upande wa Uganda nao kuna mabwawa ya stima ya Nalubaale, Kiira, Bujagali, Isimba na Karuma, yote yamepangwa kwa mto mmoja, Nalubaale na Kiira zinagawana maji, halafu maji yale yale yanaenda kuzungusha mashine za hayo mengine matatu. Wao hawataki ziwa likauke hata kidogo, lakini pia hawataki lijae mpaka lilete shida. Aprili 2020 kisiwa cha matete kilichong'oka kilielea mpaka kikaziba Nalubaale na Uganda ikakaa giza nchi nzima. Tuko na shida moja tu, sema kila mtu anaiona kwa mlango wake.

Hata hapa Kisumu kwenyewe hatukubaliani. Mwenye meli pale bandarini anapenda maji marefu. Mvuvi wa ngege, maji yakiingia kwa matete anajua samaki watazaa. Mwenye mkahawa kando ya ziwa anataka maji yakae pale yalikuwa siku alinunua ploti.

Mimi nikiulizwa, nabaki na ule mchoro wa mwamba, ingawa waliouchora hawakutufikiria. Sababu yangu ni kwamba unamzuia kila mtu sawa, Uganda wakati wa kiangazi na sisi wakati wa kupiga kelele za mafuriko. Kitu ningeongeza ni namba za geti zisomwe kwa redio kila asubuhi, kwa Dholuo na Kiswahili, maji ya jana yaliyotoka ni ngapi na mchoro unasema ngapi, tume ya bonde la ziwa iko hapa hapa Kisumu. Na tutenganishe mambo, mafuriko mengi ya Kano na Budalangi yanaanza na mito ya Nyando na Nzoia kuvunja kingo, ziwa likiwa juu linazuia tu maji yasitoke haraka, Jinja haihusiki na msitu uliokatwa kule juu.

Jamaa yangu wa Nakuru hunicheka na hii mambo ya geti. Ziwa lao halina pa kutokea kabisa, limepanda tu tangu 2010 hivi na hawana Uganda wa kulaumu.

Kuna mzee pale Dunga alinionyesha mahali maji yalifika 1964, yeye akiwa kijana, ni juu kuliko unavyodhani, unapanda kidogo ndio ufike. Jumamosi iliyopita nimepita hapo, kuna mtu anachimba msingi chini ya hiyo alama, mawe yameshamwagwa na kokoto lori mbili.