Poka ya Mwanza: ubishi si karata ngapi, ni karata zipi

Kuanzia kasino zenye leseni hadi barazani Nyegezi na Capripoint, ambako marafiki huchezea visoda tu, wacheza poka wa Mwanza wana ubishi usiokwisha. Ukigawiwa karata mbili za Texas Hold'em, ucheze zipi na utupe zipi? Upande mmoja wapo vijana waliojifunzia kwenye simu, wenye jedwali kichwani: kiti hiki karata hizi, kiti kile zile, nyingine tupa. Upande wa pili wapo wazoefu wa meza. Hao husema jedwali limetungwa kwa ajili ya watu wanaotupa karata ovyo, wakati huku kwetu watano hufuata kila dau, na anayesubiri karata nzuri humalizwa na blaindi, yale madau mawili ya lazima yanayozunguka mezani kila mgao.

Tuanze na hilo la blaindi, maana linapimika kwa kalamu. Chukua meza ya watu 9, blaindi ndogo 500 na kubwa 1,000, migao 27 kwa saa. Hizo ni duru tatu, na kila duru unalipa 1,500. Saa nzima ya kutupa tu inakula 4,500. A mbili huja kwa wastani mara moja katika migao 221, yaani saa nane na ushei, hivyo anayezingoja hizo peke yake ameshatoa zaidi ya 36,000 kabla hajaziona. Hapo wazoefu wanasema kweli. Ila hakuna jedwali linaloagiza hivyo. Ongeza K mbili, Q mbili na A-K, na tayari una michanganyiko 34 kati ya 1,326, au mara moja katika migao 39. Hiyo ni chini ya saa moja na nusu. Halafu kuna hesabu ambayo wazoefu huiruka: anayeingia na karata mbovu nne za ziada kila duru kwa 1,000 anaweka hatarini 12,000 kwa saa, na hapo bado hatujagusa anachopoteza baada ya flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani zinazotumiwa na wote.

Kwa hiyo kwenye swali la "ngapi", watu wa jedwali wanashinda. Tatizo lao liko kwenye "zipi".

Majedwali mengi ya kwenye simu yanachukulia kwamba ukipandisha dau, atakufuata mtu mmoja, au wawili wakizidi. Kwenye meza legevu, ambako watu hufuata kila dau, unapandisha hadi 5,000 na wanakufuata wanne. Hapo thamani ya karata hubadilika, na si kwa namna ambayo wengi wanadhani. Malalamiko yanayosikika zaidi ni kwamba A mbili "zinachomwa" watu wakiwa wengi. Tazama vizuri. Dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote, A mbili hushinda kama mara 85 katika 100. Dhidi ya wanne hushuka hadi kama 56. Lakini pesa za katikati nazo zimekua. Kwa mtu mmoja kuna 10,000, fungu lako ni 8,500, na ukitoa 5,000 yako unabaki na faida ya 3,500. Kwa wanne kuna 25,000, fungu lako ni 14,000, faida 9,000. Unashindwa mara nyingi zaidi na unaingiza zaidi. Asiyeweza kuvumilia kushindwa mara 44 katika 100 huanza kuingia na A mbili kimyakimya kwa 1,000, na hilo ndilo kosa: amewapa wale wanne bei ndogo ya kumwinda.

Karata zinazoharibika kweli watu wakiwa wengi ni zile za sura zisizo za aina moja: K-J, Q-10, A-9, mathalani K ya kopa na J ya shupaza. Zinapendeza mkononi, na jedwali la viti vya mwisho linaziruhusu. Shida ni kwamba zinatengeneza jozi moja, na jozi moja mbele ya watu watano ni karata ya wasiwasi. Karata mbili zisizo jozi huotea jozi au zaidi kwenye flopu kama mara moja katika tatu. Flopu ikija K-8-4 na wewe una K-J, unaweka dau la 10,000. Watatu wanatupa, mmoja anafuata bila kusema neno. Mara nyingi wale waliotupa ndio uliokuwa unawashinda. Aliyebaki ana K-Q, A-K au 8 mbili. Mwenye A-K akikutana na K-J, K-J inabaki na kama robo tu ya nafasi tangu mwanzo. Ndiyo maana K-J hushinda vidogo na kupoteza vikubwa.

Zinazopanda ni jozi ndogo na A yenye mwenza wa aina moja, mathalani A na 5 za uru zote mbili. Jozi kama 5-5 hupata ya tatu kwenye flopu mara moja katika 8 na nusu hivi. Kwa hiyo usiangalie ubora wake, angalia pesa zilizobaki mbele ya aliyepandisha. Kipimo kinachofaa ni mara 15 ya bei unayolipa, na 20 ni salama zaidi. Unaombwa 4,000? Awe na angalau 60,000 mbele yake. Kwenye meza ambayo watu wanakaa na 30,000, kufuata dau hilo kwa 5-5 ni kutupa pesa, hata kama jedwali limeipaka kijani, yaani icheze. Hili jedwali halilioni, na kusema kweli wazoefu wengi nao hawalioni. Wanasema "jozi haitupwi" halafu wanaitupa kwenye flopu wakiwa wameshalipa.

Karata za aina moja nazo zina mtego. Flashi kamili, yaani karata tano za aina moja, kwenye flopu huja chini ya mara moja katika 100. Karata nne za aina moja, yaani ile ya kuvizia, kama mara moja katika 9. Kuwa za aina moja kunaongeza asilimia 2 hadi 3 hivi tu ya nafasi ya kushinda. Kwa K-4 au J-3 hiyo haitoshi, kwa sababu watano wakiwa ndani, flashi ya J hukutana na flashi ya A, na bili yake ni rundo lote.

Wapenda karata zote hupenda kumtaja Doyle Brunson, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa dunia wa poka mwaka 1976 na 1977, kila mara mkono wa mwisho ukiwa 10-2. Ni kweli kabisa. Lakini mkono wa mwisho unachezwa na watu wawili waliobaki, na kwa wawili karibu nusu ya karata zinachezeka au zaidi. Kuihamishia 10-2 kwenye meza ya watu 9 ni kuchukua jibu la swali jingine.

Hoja ya wazoefu ninayoiheshimu ni ile ya kujulikana. Mji wetu si Las Vegas, na nyuso mezani ni zilezile wiki hadi wiki. Anayepandisha kwenye kiti cha kwanza kwa jozi za 8 kwenda juu, A-K, A-Q na chache za sura za aina moja, yaani kama karata 7 katika 100, atasomwa ndani ya mwezi na watu wataanza kutupa karata zao kila akipandisha. Dawa yake si kulegeza kiti cha kwanza. Legeza kiti cha dila (mgawaji), ambako baada ya flopu unacheza wa mwisho na umeshaona kila mtu alichofanya; pale hata karata 35 katika 100 hazidhuru. Dau la 3,000, ukiongeza 1,000 kwa kila aliyeingia kabla yako, linatosha.

Nyumba, yaani kasino, ikikata asilimia 5 ya pesa za katikati, chukua tahadhari zaidi: kwenye 20,000 uliyoshinda kwa taabu imeondoka blaindi kubwa nzima. Ushindi mdogomdogo wa karata za kati ndio unaoumia kwanza.

Kiti cha blaindi ndogo ndipo ningewapa wazoefu haki yao. Watano wakiingia kwa 1,000 bila kupandisha, katikati kuna 6,500 ukihesabu na blaindi, na unaombwa 500 tu, bei ya 13 kwa 1. Jedwali la simu halina hata mstari wa hali hiyo. Jozi yoyote, A yoyote ya aina moja, 7-6, 9-8, hata 8-6 za aina moja, ongeza 500 uone flopu. Ila J-4 na 9-2 za aina tofauti tupa hata kwa bei hiyo, na ukiotea jozi moja tu, kumbuka kwamba baada ya flopu wewe ndiye unayeanza kila mara, na watu sita, ukihesabu na blaindi kubwa, wako nyuma yako.