Majina ya sayari wanayo, anga hawajaonyeshwa

Mtoto wa darasa la sita hapa Dar es Salaam atakutajia sayari zote kwa mpangilio bila kukwama. Mtoe nje jioni ambayo Zuhura inawaka upande wa magharibi, umuulize ile ni nini, atasema nyota. Wa kidato cha nne anayejiandaa na mtihani wa fizikia hana tofauti kubwa naye. Nafundisha fizikia sekondari na jambo hili linaniuma, maana astronomia ilikuwa elimu ya kutazama tangu mwanzo, sisi tumeifanya ya kukariri.

Zamani anga ilifundishwa kwa sababu ilikuwa na kazi. Vyuo vikuu vya Ulaya vya zama za kati viliiweka pamoja na hesabu, jiometri na muziki, na kitabu kidogo cha anga cha Johannes de Sacrobosco cha karne ya 13 kiliendelea kusomeshwa hadi karne ya 17. Galileo alifundisha chuo kikuu cha Padua, Italia, kuanzia 1592 hadi 1610, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwemo wa udaktari, maana tiba ya wakati ule ilitumia unajimu. Lakini mfano unaonivutia zaidi ni Samarkand, mji wa Asia ya Kati. Pale Ulugh Beg, mtawala wa mji, alijenga madrasa kubwa, iliyokamilika mwaka 1420, kisha akajenga na kituo cha kutazamia nyota. Wanazuoni wa mji ule walipima wenyewe, na jedwali lao la 1437 lina nyota zaidi ya elfu moja. Huku kwetu pwani hapakuwa na jengo la namna hiyo, ila manahodha walijua nyota za kuvukia bahari, wakulima walitazama kilimia, lile kundi la nyota la kujulia msimu wa kulima, na madrasani watu walijifunza mwandamo wa mwezi na nyakati za swala. Kila aliyefundishwa alikuwa na jambo la kufanya na elimu ile kesho yake.

Ikaja zama ya maabara na mitihani. Marekani mwaka 1892 iliundwa kamati ya watu kumi, chini ya Charles Eliot wa Harvard, ipange masomo ya sekondari. Fizikia na kemia zikapewa nafasi ya juu, astronomia ikaachwa kuwa ya hiari, na haikuchukua muda ikafifia katika shule nyingi za huko. Iliamka tena baada ya Sputnik, satelaiti ya Wasovieti, kurushwa tarehe 4 Oktoba 1957, kwa hofu ya kuachwa nyuma.

Sisi tulirithi mtindo wa Waingereza, ambao haukuipa astronomia kiti chake. Mfumo wa jua ukaingizwa katika jiografia ya kidato cha kwanza, na katika muhtasari wa fizikia tuliouzoea, astronomia ikawekwa mwishoni mwa kidato cha nne, jirani na jiofizikia. Mwalimu yeyote anajua mada za mwisho zinavyofanywa. Mtihani wa taifa ni Novemba, moko imeshapita, mnakimbizana na maswali ya miaka iliyopita. Mada inagawiwa kama notsi za kunakili, kipindi kimoja au viwili, imekwisha. Tena kwa Kiingereza, wakati yale ya shule ya msingi waliyasoma kwa Kiswahili.

Hoja ninayoisikia kila mara ni kwamba hatuna darubini. Darubini ni nzuri, lakini mambo mengi ya msingi hayaihitaji. Chukua kijiti cha mita moja, kisimamishe uwanjani wima kabisa kwa timazi, uwe na rula na chaki. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Jua linapita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, tarehe 3 au 4 Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo kivuli cha adhuhuri kinapotea chini ya kijiti. Kikipotea Oktoba ni kama saa sita na dakika 10, Machi ni kama saa sita na dakika 35, na mwanafunzi atakayeuliza kwa nini saa hazilingani ameshaingia kwenye astronomia yenyewe. Tarehe 21 Juni kivuli cha adhuhuri kinalala kusini, kama sentimita 58. Desemba, siku kama hiyo, kinalala kaskazini, kama sentimita 30. Hapo hakuna haja ya kumkaririsha mtu mwinamo wa Dunia, ameupima.

Na ule mstari wa kivuli cha adhuhuri unakwenda kaskazini na kusini. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Dar, tofauti haizidi nyuzi 2, kwa hiyo mtoto wa Kariakoo anaweza kukagua kibla cha msikiti wao kwa kijiti.

Bahari nayo tunayo. Nenda soko la samaki la Feri uwaulize wavuvi lini ni bamvua, maji yanapopanda na kushuka sana, na lini maji mafu, yanaposogea kidogo, watakujibu kwa tarehe za mwezi. Wakati wa bamvua maji ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ngalawa unazikuta zimekaa mchangani. Darasa zima la mvutano wa Mwezi na Jua liko pale, bure.

Ninalokasirikia zaidi ni vitabu vinavyomfundisha mtoto wetu kutafuta kaskazini kwa Nyota ya Ncha. Nyota hiyo haichomozi Dar hata siku moja. Msalaba wa Kusini, unaoonekana vizuri usiku wa Mei, unapewa mstari mmoja au haupo kabisa. Mtunzi amenakili anga ya watu wengine.

Ninachoomba kwa wanaoandika mitaala ni vitu viwili. Mada hii ipandishwe kidato cha kwanza, mwalimu awe na mwaka mzima wa kufuatilia kivuli. Na mtihani uwe na swali moja linalojibiwa kwa vipimo alivyochukua mwanafunzi mwenyewe, kwa sababu tunavyojuana, kisichotoka kwenye mtihani hakifundishwi.